Kaye Chini ya Taa

Kaye ile niliiomba mwenyewe. Hakuna aliyekuja kunipa. Naanza hapo kwa sababu kwa miaka mingi, kila nilipowasimulia wateja habari za kazi yangu ya kwanza kubwa, nilikuwa nasema "tulipewa daftari na wakimbizi wa Nakivale," na kila niliposema hivyo nilijua nimeanza na uongo.

Kaye ndilo jina letu Wakongo la daftari. Hii ilikuwa ya korali ya kanisa letu kule Kivu Kusini: jalada gumu, karatasi za vijisanduku, na nyimbo zilizoandikwa kwa biki ya buluu pamoja na do-re-mi zake. Katikati kulikuwa na ukurasa wenye majina ya waimbaji wote, kuanzia sauti ya kwanza mpaka besi. Aliyeyaandika alikuwa kiongozi wa korali. Mke wake ndiye aliyenilea.

Hakunizaa. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na mwishoni mwa 1996, vita vilipofika kwetu na watu wakatawanyika, nilipotezana na baba barabarani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikajikuta natembea nyuma ya mke wa kiongozi wa korali kwa sababu mgongo wake niliufahamu. Kanisani nilikuwa nakaa nyuma yake kila Jumapili. Siku ya tatu alisimama, akanigeukia.

"Weye unanifuata?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi beba hii." Akanipa sufuria.

Mumewe alikuwa amerudi nyuma kuwasaidia wazee wawili wa kanisa walioshindwa kutembea. Kabla ya kurudi alimwachia mkewe kaye, akamwambia aangalie isilowe. Hakutufikia tena.

Tulifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka uliofuata. Tukapewa kiwanja, miti ya kujengea na shitingi, lile turubai la plastiki lililokuwa paa la kila mtu. Mama alilima mahindi na maharage, akauza nyanya kidogo, na Jumamosi moja, kabla hata hatujamaliza kukandika ukuta, akawakusanya waimbaji aliowapata: watano wa kwetu na wengine wa vijiji vya jirani. Kaye aliitoa ndani ya debe la mafuta ya kula alimokuwa ameifunga kwa kitenge, ili mvua na mchwa visiifikie. Waliimba wimbo wa kwanza mpaka mwisho. Wa pili hawakuumaliza, kwa sababu walipofika kwenye beti za besi, ambapo zamani kulikuwa na sauti nne, ilisikika moja tu, ya mzee mmoja ambaye mke wake naye alikuwa kwenye orodha ile na hakuvuka mpaka.

Mama hakuwa msomaji hodari. Alisoma kwa kidole. Kila aliposikia habari ya hakika kwamba mwimbaji fulani amekufa, alichora msalaba mdogo kando ya jina lake. Kando ya jina la mumewe alikaa miaka miwili bila kuchora kitu. Halafu siku moja nikaufungua ukurasa ule nikaona ameuchora msalaba.

Mimi nilipenda herufi zaidi ya nyimbo. Nilichora kwa mkaa kwenye magunia, kwenye vipande vya mbao, popote. Kanisa letu la Nakivale lilipohitaji kibao, mchungaji alinipa rangi iliyobaki chini ya kopo na brashi isiyo na nywele za kutosha. Kibao kile kilionekana kutoka barabarani. Mama alisimama mbele yake na jembe begani akasema, "Mukono yako iko na amani." Nilikuwa sijasifiwa hivyo na mtu yeyote. Nadhani ndipo nilipoamua kwamba herufi zitanilisha.

Nilipofika miaka ishirini nilikwenda mji wa Mbarara, nikapanga chumba mtaa wa Kakiika, nikaomba kazi kwa mchoraji vibao mmoja karibu na soko. Alikuwa Munyankore, mwenyeji wa huko, mtu mzima, mpole, mwenye rangi isiyotoka kwenye kucha. Kiswahili chake alikipata zamani jeshini.

"Nyabo, hii herufi yako nagombana," aliniambia siku ya kwanza; nyabo kwao ni bibi. "Ona hii moja na hii ingine. Iko mbali kama watu wamekosana. Sogeza."

Nilisogeza.

"Sasa kumbuka mtu ya boda. Yeye napita mbio, hana saa ya kusoma. Wewe fanya asome bila kutaka."

Nilikaa kwake karibu miaka minne. Tuliandika saluni, maduka ya dawa, shule, magari ya maziwa. Jambo alilokuwa hana msamaha nalo ni herufi iliyokatika. Brashi ikiruka, ukaacha pengo, alikuwa anakurudisha juu ya ngazi. "Jaza. Watu watasema fundi alikuwa mulevi." Mkono wangu ukazoea. Mpaka leo nikiona pengo kwenye herufi vidole vyangu vinawasha.

Siku moja akaja mwalimu mmoja mstaafu kuagiza kibao. Alikuwa amegeuza nyumba yake ya zamani mtaa wa Kamukuzi kuwa makumbusho madogo: vyungu vya maziwa, mikuki, vikapu, picha za kale. Baada ya kibao akaniomba niandike maelezo ya kila kitu kwenye vikaratasi. Nilipokwenda kuvibandika, nikaona chungu kizuri kuliko vyote kimewekwa chini nyuma ya mlango. Nikakinyanyua, nikakiweka mezani, dirisha likakimulika kwa upande. Wageni waliofuata walisimama pale. Mwalimu aliniangalia kama mtu aliyeona kiinimacho.

"Umefanya nini?"

"Nimekisogeza tu."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ambayo sikujua kwamba ina jina. Nilijifunza kupima urefu wa macho, kutengeneza kabati za vioo na seremala mmoja wa Kakiika, kupanga mambo ili mtu asichoke kabla hajafika mwisho. Akaja pia mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale, mwanamke mgeni, akatufundisha wiki nzima pale makumbusho. Mengi aliyosema nimesahau. Hili sikulisahau, kwa sababu nililiandika na kulipigia mstari: wino wa biki haupendi mwanga. Kitabu kikiwekwa wazi, taa iwe hafifu, na ukurasa ugeuzwe kila mwezi.

Mimi na yule seremala tukafungua kampuni: chumba kimoja, meza mbili, kompyuta ya mitumba. Bosi wangu mchoraji alinipa mkono. "Enda. Lakini usisahau mtu ya boda."

Kampuni isiyo na kazi ya kuonyesha ni kibao tu. Nilihitaji kitu kimoja kikubwa. Nikamwendea mwalimu mstaafu, nikamwambia: watu wa Mbarara wanatuona sisi wakimbizi sokoni, wanatuona hospitalini, lakini hawajui tulikuja na nini. Tufanye maonyesho ya vitu tulivyobeba. Alikubali papo hapo. Nilisema nataka kuwapa heshima watu wangu, na ilikuwa kweli. Nilitaka pia jina langu lijulikane, na hiyo ilikuwa kweli zaidi kuliko nilivyokiri wakati ule.

Nakivale watu walinipa vitu kwa moyo. Fundi cherehani alinipa kichwa cha mashine alichokibeba bila meza yake. Mama mmoja alinipa pasi ya mkaa. Nilipofika nyumbani, Mama alikuwa ameshaisugua ile sufuria mpaka inang'aa.

"Chukua hii. Ndiyo tulibeba."

"Sufuria kila mtu anayo, Mama. Nataka kaye."

Aliiweka sufuria chini polepole. "Kaye haiko yangu. Iko ya korali."

"Miezi mitatu tu. Nitairudisha mimi mwenyewe, mkononi mwako."

"Na sisi tutaimba na nini?"

"Nyimbo mnazijua."

"Tunajua zile tunajua. Zingine tunazisoma."

Jumamosi aliwauliza waimbaji. Yule mzee wa besi alikataa. Alisema kaye haijawahi kulala nje ya nyumba ya kiongozi, hata vitani ililala mgongoni kwa mtu. Wengine walimtazama Mama. Mwisho Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Ni mutoto wetu. Kama hatumupe yeye, tutamupa nani?" Mzee akainamisha kichwa. Nilitoka pale na kaye kifuani, na nakumbuka kwamba sikuwa nafikiri juu ya mzee. Nilikuwa nafikiri kabati la kaye liwe na upana gani.

Niliiweka katikati ya chumba, peke yake, wazi kwenye ukurasa wa majina. Kabati lilikuwa zuri, na nilifanya kama nilivyofundishwa: taa hafifu juu. Mchana wa kuamkia ufunguzi mwalimu mstaafu akaingia, akafinya macho.

"Mbona giza? Wazee hawataona kitu."

Nilimweleza habari ya wino. Akasema sawa, mimi ndiye fundi. Akatoka. Mimi nikabaki naangalia. Alikuwa amesema kweli: kutoka mlangoni kaye ilionekana kama doa. Nikafikiri juu ya waandishi wa habari, juu ya wageni kutoka Kampala. Nikapanda ngazi, nikatoa balbu ile, nikaweka taa ya kumulika yenye nguvu, karibu kabisa na kioo. Ukurasa ukawaka. Majina yalionekana kutoka mlangoni, na misalaba.

"Kwa kesho tu," nilimwambia seremala.

Kesho yake watu walilia mbele ya kabati lile. Mpiga picha wa gazeti alipiga picha ya ukurasa, ikatoka, na wiki mbili baadaye shule moja kubwa ikaniita niwatengenezee chumba cha historia yao. Halafu benki. Halafu kiwanda cha maziwa kilichotaka banda la maonyesho. Nikachapisha kijitabu cha kampuni, na kwenye jalada nikaweka picha ya ukurasa ule ukiwaka. Kila mteja aliyefika makumbusho alitaka kuuona kama alivyouona kwenye picha. Kwa hiyo sikuugeuza, na taa sikuibadili. Siwezi kusema nilisahau. Kila nilipopita pale niliiona ile taa, nikasema wiki ijayo.

Miezi mitatu ilipoisha Mama alipiga simu. Nikamwambia wageni bado wanakuja. Alipiga tena baada ya Krismasi. Nikamwambia mkataba wa makumbusho una utaratibu wake. Hapakuwa na mkataba.

"Korali inauliza," alisema.

"Waambie inaonwa na watu wengi sana, Mama."

"Nitabaambia." Halafu akaongeza, "Wimbo ya Pasaka hatukumaliza. Yule muzee anajua besi, lakini sauti ya pili imepotea."

Nilisema nitaiandika upya na kuituma. Sikuituma.

Mwaka wa pili, yule mzee wa besi alikuja Mbarara mwenyewe. Sikujua anakuja. Alifika ofisini kwetu asubuhi, amevaa koti lake la kanisani, akasema anataka kuona jina la mke wake. Nilikuwa nimekaa na watu watatu wa shirika fulani, tunajadili kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Nikatoka mlangoni nikamsalimia kwa mikono miwili.

"Karibu, Baba. Nipe saa moja, nitakupeleka mwenyewe."

"Hakuna shida, mutoto. Nitakaa hapa fasi ya kivuli."

Alikaa kwenye benchi nje. Saa moja ikawa mbili. Wageni wangu walitaka chakula cha mchana, nikaenda nao hotelini kupitia mlango wa nyuma kwa sababu gari lao lilikuwa limeegeshwa huko. Huko hotelini nilimkumbuka. Nilimkumbuka kabisa, nikiwa na uma mkononi, nikafikiri: ameshazoea kungoja. Wazo hilo lilipita kichwani mwangu kwa maneno hayohayo. Niliporudi ilikuwa karibu saa kumi na moja, benchi tupu. Seremala aliniambia mzee alikuwa ameuliza kama makumbusho yako mbali, akaelekezwa, akaenda kwa miguu mpaka Kamukuzi akakuta wamefunga mapema siku ile kwa ajili ya usafi. Akarudi, akaniachia salamu, akawahi gari la mwisho.

Alifariki mvua za masika zilizofuata, kwa kifua. Nilikwenda mazishini. Korali iliimba, na besi haikuwepo. Hakuna aliyenilaumu kwa neno. Mama alinishika mkono akasema, "Alirudi akituambia ofisi yako ni nzuri."

Hata baada ya hapo sikuirudisha kaye. Ningependa kuandika kwamba kifo chake kilinigeuza. Kilichonigeuza ni kwamba mwalimu mstaafu alitaka chumba kwa maonyesho mengine. Ilikuwa karibu miaka mitatu tangu ufunguzi. Akaniambia nitoe vitu vya watu.

Nilifungua kioo, nikainama kuichukua kaye, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikaitazama kwa karibu badala ya kuitazama kutoka mlangoni. Ukurasa ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Majina hayakuwepo. Nilidhani ni macho yangu. Nikaizima ile taa, nikaipeleka kaye dirishani, nikaiinamisha, na hapo nikaona mikwaruzo tu, mahali biki ilipokandamiza karatasi. Nikageuza ukurasa uliofuata: buluu, mzima, kama umeandikwa jana. Nikarudi kwenye majina. Hakuna kitu. Hata misalaba ya Mama ilikuwa imekwenda.

Seremala aliuliza kama naumwa. Nilisema ni vumbi machoni.

Nilikuwa na njia mbili, na niliziona zote mbili waziwazi. Ningeweza kwenda Nakivale siku ileile na kusema. Badala yake nilinunua biki sita za buluu, za maduka tofauti, nikapata moja iliyokaribiana na rangi ya kurasa nyingine. Jumapili, majirani wakiwa kanisani, nilikaa mezani kwangu Kakiika, picha ya gazeti upande wa kushoto, kaye mbele yangu, nikaanza kufuata mikwaruzo. Jina moja baada ya jingine. Naijua mikono ya watu, yaani miandiko yao. Ndiyo kazi yangu. Niliujua mkono wa kiongozi wa korali, namna alivyovuta mkia wa herufi ya mwisho. Kufikia sauti ya tatu nilikuwa siogopi tena. Nilikuwa nafurahia. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba hakuna mwingine Mbarara nzima anayeweza kufanya hivi. Nilipomaliza besi nikachora misalaba, pamoja na ule wa kando ya jina la mwenye mkono niliouiga.

Nilimpelekea Mama kaye katikati ya wiki. Alikuwa anapura maharage uani. Alinawa mikono, akaifuta kwenye kitenge, akaipokea, akalibusu jalada. Akaingia nayo ndani, akakaa karibu na mlango penye mwanga, akafungua katikati. Alianza kusoma kwa kidole, midomo ikitikisika. Kwenye jina la nne kidole kilisimama. Kikarudi nyuma. Kikaenda tena.

"Hapa palikuwa fasi haina kitu," alisema.

"Wapi, Mama?"

"Hapa, mukatikati ya jina. Biki yake ilikuwa inakata. Alikuwa anaipuliza, anaifikicha mu mikono ipate joto. Nilikuwa ninamucheka." Alisogeza kidole chini. "Na hapa. Na hapa palikuwa fasi mbili. Nani amejaza?"

Sikuwa nimeyaona mapengo. Au niliyaona kwenye picha na mkono wangu ukayaziba wenyewe, kama ulivyofundishwa. Nilisimama pale mlangoni nikiwa na miaka karibu thelathini, mwenye kampuni, nikabaki naangalia kidole chake.

"Nakuuliza, mutoto wangu."

Nikamwambia yote. Taa, miaka, wino, biki sita. Alinisikiliza huku mkono wake uko juu ya ukurasa kama anaufunika usisikie. Nilipomaliza aliutazama mwanga uliokuwa unaingia mlangoni.

"Mwangaza inakula kitambaa, inakula rangi ya nyumba," alisema. "Siwezi gombana na mwangaza. Ungekuja na karatasi mweupe, ningelia, tungelia sisi wawili. Lakini weye ulikaa kwa meza, ukabeba biki, ukajifanya yeye."

"Nisamehe, Mama."

"Umekula?"

"Sina njaa."

"Sikuuliza njaa." Akainuka akanipakulia bugali na sombe, kisamvu chetu, akaniwekea mbele, akarudi nje kwenye maharage yake. Nilikula peke yangu nikisikia fimbo inavyopiga.

Kabla sijaondoka alisema Jumamosi nirudi, niwaambie korali mwenyewe, yeye hatanisemea.

Nilirudi. Walikuwa kumi na mmoja, na zaidi ya nusu walikuwa watoto wa watu waliokuwa kwenye orodha. Nilisema nikiwa nimesimama. Walipokezana kaye. Mtoto wa yule mzee wa besi, mwanamume wa umri wangu, alikuwa ameweka kidole kwenye jina la mama yake.

"Hii ya mama yangu uliandika weye?"

"Ndiyo."

"Baba alikuja kwako kuiona. Siku ile ilikuwa bado iko?"

Hilo sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilihesabu miezi. "Sijui," nilisema. "Labda ilikuwa bado. Labda kidogo."

Aliifunga kaye akampa mwenzake, akatoka nje. Hakuniambia kitu kingine, siku ile wala baadaye. Wale waliobaki walibishana kama ukurasa uchanwe. Mwanamke mmoja alisema uchanwe, ni uongo ndani ya nyumba ya Mungu. Mama alisema hapana, chini ya wino wangu mikwaruzo ya mumewe bado ipo. Waliamua niandike chini ya ukurasa, kwa mkono wangu mwenyewe usiomwiga mtu, kwamba majina haya yaliandikwa na kiongozi wa korali, yakafutwa na taa niliyoiweka mimi, na yakaandikwa juu yake na mimi bila ruhusa. Nimeandika mamia ya maelezo ya makumbusho katika maisha yangu. Ile mistari mitatu ilinichukua alasiri nzima, na herufi zikagombana.

Watu wakiniuliza nilibadilika vipi, nina majibu mazuri. Siazimi kitu bila karatasi ya tarehe. Taa zangu ni hafifu, na mteja akilalamika namwambia atafute fundi mwingine. Kila kitu kina jina la mwenye nacho. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo ambalo sikuwaambia korali: baada ya Jumamosi ile, picha ya ukurasa iliendelea kukaa kwenye jalada la kijitabu cha kampuni kwa zaidi ya mwaka. Tulikuwa tumeomba zabuni ya jumba kubwa la maonyesho, na waamuzi walikuwa wameisifu picha hiyo. Niliiondoa tulipokwisha kupata kazi.

Mama alipata nafasi ya kuhamia ng'ambo pamoja na mpwa wake. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda Nakivale. Mama alikuwa ameshamkabidhi kaye mtoto wa mzee wa besi, kwa sababu ni ya korali na korali inabaki. Nilikuwa nimekusudia kumwambia habari ya kijitabu. Nilimkuta anagawa vitu vyake, mkeka kwa huyu, jembe kwa yule, na anagombana na mpwa wake juu ya soksi. Aliponiona alinivuta pembeni, akanirekebisha kola ya blauzi.

"Umekonda. Kazi ni mingi?"

"Ni nyingi, Mama."

"Ni vizuri. Mungu asikuachishe kazi."

Basi likapiga honi. Nikamsaidia kupanda; habari ya kijitabu sikuisema.

Sasa ni 2015, na hunipigia simu Jumapili, saa zetu za alasiri. Ananiambia habari za jikoni penye majiko manne, za kanisa walilolipata, lenye korali ya watu sita. Kuhusu kaye hasemi kitu. Mimi pia sisemi. Kabla ya kukata huomba, kwa sauti ileile ya Jumamosi za chini ya shitingi, na siku zote huanza na kazi ya mikono yangu, kwamba Bwana aibariki na aikuze. Mimi nasema amina.